Mjomba anataka kufungua pampu: historia kidogo kabla hajafungua pochi

Nimekuwa kimya, majukumu yalinibana. Leo sileti siasa wala habari za mjini. Leo tuzungumze injini. Najua kuna watakaosema, "Huyu mwandishi wa habari tangu lini akawa fundi?" Kweli, fundi sio mimi. Hata kubadili plagi nabahatisha. Lakini kazi yangu ni kuuliza maswali, na swali hili limenifuata mpaka nyumbani.

Jumapili moja jioni nilipigiwa simu na Mjomba wangu aliyeko Kahama, mkoa wa Shinyanga.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Wewe si unasomasoma mambo? Hebu niambie, nifungue pampu au nibadilishe tabo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikajua jambo ni zito.

Niwape picha. Mjomba ana Land Cruiser VX ya mwaka 1993, yale magari tuliyoyabatiza mashangingi enzi ambazo ukiliona moja unajua kuna mkubwa ndani. Siku hizi wakubwa wamehamia kwenye matoleo mapya, na mashangingi ya zamani yamekuja kumalizia maisha kwetu machimboni. La Mjomba limeng'olewa viti vya nyuma. Linakokota tela. Linapeleka spea na mipira ya chuma ya kusagia mawe kwenye makarasha ya upande wa Geita. Mteja mmoja kamwambia hivi: ukiweza kuleta tani moja na nusu kwa safari badala ya tani moja, kazi ya mwaka mzima ni yako. Gari la Mjomba kwenye vilima likiwa na mzigo linatambaa kama kobe. Ndiyo maana anataka nguvu.

Fundi wake kampa njia mbili. Ya kwanza, kufungua pampu ya dizeli, shilingi 120,000, unasubiri hapo hapo huku unakunywa soda. Ya pili, kuagiza tabo kubwa zaidi pamoja na intakula kutoka Dubai, kuvifunga na kuseti pampu upya, jumla shilingi milioni 4 na laki 6. Mjomba benki ana milioni 5. Ndani ya hizo milioni 5 kuna ada ya chuo ya binamu yangu, ambayo ilitakiwa ilipwe Oktoba.

Sasa mnaelewa kwa nini hakucheka.

Nilimwomba wiki mbili. Nikaanza kusoma na kuuliza mafundi, na nilichokikuta ni historia ndefu kuliko nilivyodhani. Nimeona niwashirikishe, maana najua si Mjomba peke yake mwenye swali hili. Kuna vijana wa Subaru, kuna wenye malori, kuna wenye pikapu za machimboni.

TABO ILIZALIWA KWA KAZI GANI?

Kwanza tuelewane. Injini inahitaji vitu viwili ili ifanye kazi: mafuta na hewa. Kuongeza mafuta ni rahisi, ni skurubu tu. Hewa ndiyo ngumu. Injini ya kawaida inavuta hewa yenyewe, kama mtu anavyovuta pumzi. Tabo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Feni ya kwanza inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, ambao vinginevyo ungepotea bure kwenye ekzosi. Feni ya pili inasukuma hewa kuingia ndani kwa nguvu. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Kumbukeni hiyo oili, tutairudia.

Aliyeanzisha wazo hili ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hati miliki yake mwaka 1905. Ilichukua miaka mingi kulifanya lifanye kazi kweli. Katika miaka ya 1920 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa mfumo wake, na injini zilizokuwa na nguvu ya farasi 1,750 zikafika 2,500. Dunia ikaanza kumsikiliza.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni cha Marekani, mwaka 1918. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ndege zilikuwa na tatizo: zikipaa juu sana hewa inakuwa nyepesi na injini inakosa pumzi. Mhandisi wa General Electric, Sanford Moss, akatengeneza tabo ya kutibu tatizo hilo. Ili kuijaribu, walichukua injini ya ndege iitwayo Liberty wakaipakia kwenye lori na kuipandisha kilele cha mlima Pikes Peak, jimbo la Colorado, mita kama 4,300 juu ya usawa wa bahari. Kule chini injini hiyo ilikuwa na farasi 350. Kileleni bila tabo ikashuka hadi kama 230. Wakawasha tabo, ikapanda tena na kupita 350 kidogo.

Hapo niliweka kalamu chini. Mnaona alichofanya Moss? Hakuiongezea injini nguvu ambayo haikuumbwa nayo. Aliirudishia nguvu iliyoibiwa na mwinuko.

Na sisi watu wa Shinyanga na Geita tunaibiwa kila siku bila kujua. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kahama na Geita ziko juu ya hapo. Kwenye mwinuko wa namna hiyo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Ndiyo maana mtu akitoka pwani na gari lisilo na tabo, akifika kwetu na mzigo anashangaa limekuwa zito. Gari halina ugonjwa, limekosa pumzi tu. Ndiyo maana pia wanaonunua majenereta ya dizeli kwa ajili ya migodi wanapewa na watengenezaji jedwali la kupunguza nguvu kulingana na mwinuko. Mgodi mkubwa wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, ulijiendesha miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, na hesabu kama hizo kwao ni mambo ya kila siku.

Kwa hiyo tabo kazi yake ya kwanza ni kurudisha. Kazi yake ya pili, ambayo sisi tunaipenda zaidi, ni kukopa.

CHUPA AMBAYO HAIKUJAZWA

Kukopa kulianza mapema kwenye magari madogo. Mwaka 1962 kampuni mbili chini ya General Motors ya Marekani zilitoa magari ya kwanza ya abiria yenye tabo kutoka kiwandani: Chevrolet Corvair Monza Spyder na Oldsmobile Jetfire.

Hii Jetfire ina funzo. Ilikuwa na injini ndogo ya petroli ya lita 3.5, na wahandisi waliikamua farasi 215. Kwa miaka ile hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini petroli ikisukumwa na hewa nyingi kiasi hicho ndani ya injini iliyobana, inalipuka kabla ya wakati wake na kuzigonga pistoni. Wenyewe wakabuni dawa: chupa ya maji yaliyochanganywa na methanoli, inayopulizia kidogo kidogo ili kupoza. Dereva kazi yake ilikuwa moja tu, kujaza chupa.

Madereva hawakujaza. Wengine walisahau, wengine hawakujua hata kama chupa ipo. Kiwanda kiliweka kinga ya kupunguza nguvu chupa ikikauka, lakini wateja wakaja juu, magari yakawa yanarudishwa, na mengine yalivuliwa tabo kabisa. Baada ya 1963 Jetfire ikafa. Yalitengenezwa chini ya magari 10,000.

Mimi ninavyoona, wahandisi wa Jetfire walikuwa hodari. Walichokosea ni kudhani kwamba anayepewa nguvu ya ziada atakubali na kazi ya ziada inayokuja nayo. Sasa jiulize, Marekani ya 1962, vituo vya mafuta kila kona, watu walishindwa kujaza chupa. Je, kijana anayeendesha gari la Mjomba, saa nane ya mchana, vumbi tupu, mteja anapiga simu kila dakika tano, atakumbuka nini?

MALORI YALICHAGUA UPANDE GANI?

Wenye malori waliiona faida ya tabo mapema kuliko wenye magari madogo. Volvo ya Sweden ilitoa lori lake la Titan Turbo mwaka 1954, injini ile ile iliyokuwa na farasi 150 ikafika 185. Mwaka 1969 jirani zao Scania wakatoa injini ya V8 ya lita 14 yenye tabo, farasi 350, iliyokuwa na nguvu kuliko injini nyingine za malori Ulaya wakati huo.

Angalieni hesabu hiyo vizuri. Lita 14 kwa farasi 350 ni farasi 25 kwa kila lita. Jetfire ilikuwa na lita 3.5 kwa farasi 215, yaani zaidi ya 60 kwa kila lita. Mmoja kachukua ng'ombe mkubwa akamkamua taratibu. Mwingine kachukua ndama akamkamua kama mtamba. Wasukuma wenzangu hapo hawahitaji maelezo zaidi.

Waliosafiri barabara ya Nzega, Isaka na Kahama kuelekea Rwanda na Burundi wanajua malori ya aina gani yanapita pale usiku na mchana tangu bandari kavu ya Isaka ianze kupokea mizigo ya reli. Scania zimejaa. Sisi watoto wa Kahama tulikuwa tunazitambua kwa mlio kabla hazijatokea. Zile injini zinapiga kilometa laki nyingi kwa sababu aliyezibuni aliacha akiba ndani ya chuma.

SAFARI RALLY ILIVYOWAUMBUA WENYE NGUVU

Kuna atakayesema hayo ni ya Ulaya na Marekani, tuletee ya kwetu. Haya, twende kwetu.

Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakabaki Kenya peke yake. Miaka ya 1980 dunia ya rally iliingia wazimu wa tabo. Audi walileta Quattro, gari la tabo linalosukuma magurudumu yote manne. Ulaya lilikuwa moto wa kuotea mbali.

Mwaka 1983 Audi wakaja Nairobi. Nani kashinda? Ari Vatanen, na Opel Ascona 400. Gari halina tabo! Linasukuma nyuma tu kama teksi. Hannu Mikkola na Michèle Mouton na Quattro zao wakawa wa pili na wa tatu. Kabla ya hapo Mkenya Shekhar Mehta alikuwa ameshinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na Datsun isiyo na tabo.

Mwaka 1984 tabo ikashinda kwa mara ya kwanza, lakini tazameni tabo ipi. Ilikuwa Toyota Celica ya Björn Waldegård, inayosukuma nyuma. Kwenye mashindano mengine wengi waliona ni gari la kizamani. Likashinda tena 1985 likiendeshwa na Juha Kankkunen, na tena 1986 na Waldegård. Miaka hiyo hiyo, 1985 na 1986, bingwa wa dunia kwa upande wa magari alikuwa Peugeot 205 Turbo 16, dude lenye nguvu za kutisha. Kwenye Safari halikushinda hata mara moja.

Mimi sisemi nguvu haina maana. Celica nayo ilikuwa na nguvu nyingi. Ila Toyota waliliandaa gari kwa ajili ya joto, vumbi na maelfu ya kilometa, wakati wengine walikuja na injini zilizozoea kukimbia vipande vifupi Ulaya. Njia ya Safari haikuwa inauliza una farasi wangapi. Ilikuwa inauliza, utafika?

Sasa barabara ya kwenda machimboni ina tofauti gani na Safari Rally? Tofauti ni moja tu. Kule kuna helikopta na mafundi wanakusubiri. Huku ukikwama unasubiri pikipiki ipite.

INJINI YA MJOMBA

Turudi kwa Land Cruiser. Mwaka 1990 Toyota walileta injini mbili ndugu. Zote silinda sita, zote sentimita za ujazo 4,164. Moja ni 1HZ, haina tabo. Nyingine ni 1HD-T, ina tabo. Ile 1HZ ina kama farasi 130 na kidogo. Ile 1HD-T ina zaidi ya 160.

Ajabu ni kwamba migodi, mashirika ya misaada na magari ya wagonjwa vijijini wengi walichagua ile dhaifu. 1HZ imetengenezwa kwa zaidi ya miaka 30. Haina haraka, lakini inafundishika kwa fundi yeyote, inavumilia dizeli mbovu, na haimdai mwenyewe mengi.

1HD-T yenyewe ni injini nzuri sana, mafundi wote niliozungumza nao waliivulia kofia. Lakini ina udhaifu wake unaojulikana dunia nzima: beringi za konrodi za matoleo ya mwanzo huchoka mapema. Ukizipuuza, siku moja injini inanoki na hapo hakuna mjadala, ni kushusha injini. Wenye uzoefu huzibadilisha mapema hata kama hazijalia.

Na pampu yake? Ni pampu ya makanika, haina kompyuta. Juu yake kuna kifaa cha mpira kinachopokea hewa ya tabo. Hewa ikiongezeka, kinaruhusu dizeli iongezeke. Ukijua kukizungusha, na ukijua skurubu ya nyuma, unaweza kuongeza nguvu ndani ya dakika chache. Hapo ndipo ile laki moja na elfu ishirini ya fundi inapotoka.

Tatizo ni kwamba skurubu inaongeza dizeli, haiongezi hewa. Ukizidisha, dizeli inakosa hewa ya kuunguza. Unaona moshi mweusi, watu wanasema "mashine hiyo!" Jamani, moshi mweusi ni dizeli uliyoinunua ukaitupa barabarani. Tena joto linapanda. Aluminiamu, ambayo ndiyo malighafi ya pistoni, huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi. Moshi wa injini ya dizeli iliyofunguliwa pampu ikiwa na mzigo mlimani unaweza kupita hapo. Pistoni haiyeyuki mara moja kwa sababu inapozwa na oili na hewa inayoingia, lakini sasa inaishi kwa huruma ya oili. Na oili ndiyo ile ile inayobeba shafti ya tabo na zile beringi za konrodi.

Kwa hiyo wadau, ukifungua pampu kwenye injini hiyo, mzigo unampelekea yule yule aliyekuwa mgonjwa tangu mwanzo.

TULISHALIPA MARA MOJA

Hapa naomba niseme jambo la familia. Mwaka 2009 mdogo wake Mjomba alikuwa na lori dogo lenye tabo, likipeleka bidhaa upande wa Nyang'hwale. Mwaka huo ndio mgodi wa Buzwagi uliokuwa hapo Kahama ulianza uzalishaji, mji umechangamka, kila mtu anakimbizana na pesa. Gereji moja, jina nalihifadhi, wakamfungulia pampu. Wiki tatu lori lilikuwa simba. Wiki ya nne, mlimani na mzigo, likanoki. Alilala porini siku mbili akilinda mzigo wa watu. Ili kununua injini nyingine aliuza ng'ombe tisa, na mmoja wao alikuwa wa mahari ya dada.

Yule fundi hakulipa kitu. Mwenye mzigo hakulipa kitu. Dereva alitafuta kazi kwingine. Aliyelipa ni mwenye gari, na nyuma yake watoto wake.

Nilipomkumbusha Mjomba akanyamaza kwenye simu muda mrefu. Halafu akasema, "Lakini mpwa wangu, ile ilikuwa bahati mbaya."

Nikamwambia, "Mjomba, samahani, bahati mbaya haina skurubu."

TULICHOAMUA

Nilisafiri hadi Kahama. Tulikaa watatu, mimi, Mjomba na fundi wake. Sikwenda kumdhalilisha fundi, ni mtu mzima na anajua kazi kuliko mimi. Nilimuuliza maswali matatu tu.

La kwanza: gari hili sasa hivi lina nguvu yake yote ya kiwandani? Akafikiri. Akasema kwa kweli hajapima. Tukafungua. Kichujio cha hewa kilikuwa kimejaa vumbi la machimbo kama godoro. Mpira mmoja wa hewa kati ya tabo na injini ulikuwa na mpasuko, hewa inavuja. Nozo hazijaguswa miaka. Yaani gari lilikuwa linaibiwa na mwinuko, halafu linaibiwa tena na uchakavu.

La pili: tukiongeza nguvu, ni kitu gani kitavunjika kwanza? Hapo hakusita. "Beringi za konrodi."

La tatu: tutajuaje kabla haijavunjika? Akakiri kwamba kwenye dashibodi ya Mjomba hakuna geji hata moja ya kuonyesha joto la moshi wala mgandamizo wa tabo. Tungekuwa tunakopa bila daftari.

Basi pale pale yakapatikana maamuzi, na yalitoka kwa fundi mwenyewe. Beringi za konrodi mpya, kichujio na mipira mipya ya hewa, nozo kupimwa na pampu kusetiwa kwenye mashine kwa vipimo vya kiwanda, oili na kichujio chake, rejeta kuoshwa ndani na nje. Juu ya hapo geji mbili, ya joto la moshi na ya tabo. Jumla shilingi milioni 1 na laki 9. Tabo kubwa ya Dubai tukaiacha Dubai.

Geji ya joto fundi aliichora mstari mwekundu kwenye nyuzi 650. Mafundi wengi niliowauliza huweka mpaka wao kwenye 700 hivi, lakini yeye alisema anamfahamu Mjomba. Dereva akaambiwa mambo mawili: sindano ikifika kwenye mstari, punguza mguu na urudi gia moja, na ukifika mwisho wa kupanda usizime injini ghafla, iache inguruke dakika moja au mbili, oili ipoze shafti ya tabo. Hiyo ndiyo chupa yetu ya Jetfire. Tumeifanya iwe ndogo iwezekanavyo ili isisahaulike.

Gari likoje? Siwadanganyi, halikuwa simba. Lakini nguvu iliyokuwa imepotea ilirudi, na vile vilima linapanda kwa gia ya juu zaidi kuliko zamani. Tani moja na nusu lilibeba mara mbili kwa majaribio, na mara zote mbili sindano iligusa mstari. Mjomba mwenyewe akampigia mteja akamwambia atabeba tani moja na robo, apunguziwe bei kidogo kwa safari. Mteja akagoma, akampa mtu mwingine nusu ya kazi. Ndiyo, alipoteza nusu. Nasema ukweli kwa sababu makala nyingi za ushauri huishia na kila mtu kufurahi. Mjomba hakufurahi. Aliniambia, "Umenigharimu, mpwa wangu." Lakini Oktoba ilipofika ada ililipwa, na gari lilikuwa linatembea.

KWA VIJANA WA KOMPYUTA

Najua baadhi yenu mnasema hayo ni ya pampu za zamani, siku hizi ni kompyuta. Kweli. Tangu 1998 Toyota waliweka pampu inayoongozwa na kompyuta kwenye 1HD-FTE, na V8 ya dizeli ya mwaka 2007 yote inaendeshwa na kompyuta. Huzungushi skurubu, unanunua programu. Wauzaji wanakuuliza unataka hatua ya kwanza, ya pili au ya tatu, kama vile ngazi ya shule.

Lakini programu ni skurubu tu iliyosoma. Inaongeza mafuta, inaongeza hewa, na joto linakuja lile lile. Na kwa wenye Subaru za petroli kutoka Japani, ongezeeni swali moja: programu hiyo iliandikwa kwa petroli gani? Petroli bora ya Japani huwa na oktani kama 100. Ya kwetu huwa chini ya hapo. Hata kabla hujatyuni chochote, gari lako tayari linakula chakula tofauti na lililoandaliwa. Anayekuuzia programu bila kukuuliza unaweka mafuta gani, unaishi mwinuko gani na unabeba nini, huyo anakuuzia namba tu.

Ushauri wangu kwa leo ni mfupi. Kabla ya kuongeza, rudisha. Kabla ya kukopa, jua ni kipande gani cha chuma kitakachodaiwa kwanza. Na weka geji, ili deni ulione likikua badala ya kulisikia likigonga.

Kuna mafundi wanaonisoma, najua. Kama nimekosea mahali nisahihisheni, sitanuna. Na wenye visa vya pampu na tabo kutoka Katoro, Kakola, Nzega na kwingineko, nileteeni. Mjomba anavisoma, ingawa bado ananinunia kidogo.

Naomba kuwasilisha.